Bomba la Kijani

Sikai kiti kimoja kwa muda mrefu. Mtu akinisemesha kutoka kushoto simsikii, na nikigeuka nimsikie, ngozi ya shingo inanivuta kama shuka iliyokazwa kwenye godoro dogo. Kwa hivyo nainuka, natoka nje, narudi. Kanisani huku Mtopanga wamenizoea. Wageni ndio huninong'oneza kwamba choo kiko nyuma.

Zamani sikuwa hivi. Zamani nilikuwa mwanamke wa kukaa chini nikamenya nazi za harusi nzima bila kuinua kichwa. Waliofanya niwe hivi nawajua. Majina yao siandiki, nitaandika kazi zao, na kila mmoja ajijue: mwenye bomba, karani wa mizani, na nyapara. Hao watatu ndio waliomuua ndugu yangu. Nimesema.

Tulikuwa vibarua, mimi na yeye, katika kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu upande wa Changamwe. Wanaume walilisha tanuri. Sisi wanawake kazi yetu ilikuwa uani, na tuliitwa wagongaji. Malori yakija yanamwaga kila aina ya takataka ya chuma: mageti, vitanda, chasisi za magari, mabomba. Kila mmoja wetu alikuwa na kipande cha nondo mkononi, na kabla kitu hakijapelekwa motoni tulipita tukigonga kila chenye tumbo. Bomba tupu linaita. Bomba lililojazwa linajibu kama mtu aliyejifunika blanketi. Hilo tunalitia chaki, linawekwa kando, anakuja fundi wa gesi kulipasua tuone limemeza nini.

Mara nyingi lilikuwa limemeza mchanga. Wenye yadi walikuwa wanauza kwa uzito, na mchanga una uzito. Ukiwa mkavu, ni hasara ya kiwanda, tunacheka tunaendelea. Ukiwa mbichi, na bomba limezibwa huku na huku, hapo si mambo ya hasara tena. Maji yaliyofungiwa ndani ya bomba, bomba likatupwa kwenye chuma kinachochemka, yanatafuta pa kutokea, na hayasemi hodi.

Ndugu yangu alikuwa kitindamimba wa mama, na alikuwa mzito wa mwendo tangu utotoni. Mama akimtuma dukani chumvi, mchuzi ulikuwa unaiva na kupoa yeye bado yuko njiani anatazama mafundi wakijenga. "Harakisha, we!" Hiyo ndiyo sauti ya mama niliyokua nayo. Asubuhi harakisha, jioni harakisha. Kiwandani wenzake walimwita Treni ya Mizigo. Wakimtania anacheka, tena anacheka polepole, utani umeshapita yeye ndiyo kwanza anaanza. Lakini nyapara mwenyewe alimpenda kwa sababu ya uzito huo, maana anayelisha tanuri hatakiwi kuwa na pupa.

Siku yenyewe, asubuhi, lori lilimwaga mzigo wake tukachukua nondo zetu. Nyapara akaja, shati jeupe, ametia na manukato. Akasema wenye kiwanda wana wageni, hawataki kuona uwanja umejaa vyuma.

"Wekeni nondo, chukueni fagio. Mzigo uende moja kwa moja."

Mwenzetu mmoja akamwambia, "Bosi, huu haujagongwa."

"Haujagongwa!" Akatugeukia sote. "Nyinyi mmekuwa madaktari? Mwapima moyo? Kila siku kong, kong, kong, mtu atadhani kuna ngoma. Fagieni."

Tukafagia. Tungefanya nini? Kibarua ni wa siku, ukibisha leo kesho getini hujulikani.

Jua lilipopanda nikachota maji ya kunywa kwenye jagi nikampelekea ndugu yangu kule juu kwenye jukwaa, kama nilivyozoea. Alikuwa ameninyooshea mkono apokee. Mlio wenyewe sikuusikia. Nadhani sikio lilikwenda kabla ya mlio kufika. Yeye alikuwa mbele yangu, kati yangu na tanuri, ndiyo sababu mimi naandika na yeye haandiki.

Nikiwa nimelala pale chini, kabla hawajanibeba, niliona vitu viwili, na mpaka leo nikifumba macho viko. Sakafu ya pale kwenye tanuri ni nyeusi, miaka nenda miaka rudi nyeusi. Siku ile ilikuwa na mchanga mweupe, mchanga wa bahari, una vipande vya kombe ndani. Na juu, kwenye nguzo, kipande cha bomba kimekwama kama shoka, kimepakwa rangi ya kijani. Nasikia nyapara aliufagilisha mchanga ule kabla hata ya ambulensi kufika. Kipande cha bomba nacho sijui kilikwenda wapi.

Ndugu yangu alizikwa kwetu Utange mimi nikiwa wodini. Nyapara, nilivyohadithiwa, alikwenda mazikoni. Alikwenda na kreti za soda na magunia ya unga, amevaa tai, akapewa nafasi ya kusema. Akasema kijana wetu alikuwa mchapa kazi, tulimpenda, ila siku ile alikuwa na haraka. Alitupa chuma bila kukiangalia. Haraka ndiyo iliyotupokonya.

Treni ya Mizigo. Haraka.

Mimi nilipotoka hospitali neno hilo lilikuwa limeshakauka kama plasta ukutani. Nilimwambia mama. Nilimwambia juu ya nondo, juu ya fagio, juu ya mchanga mweupe. Mama alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mwanangu, una uchungu. Mtu mzima, amevaa tai, atasimama mbele ya jeneza aseme uongo?"

"Mama, huyu alikuwa na haraka lini?"

"Mji ulimbadilisha," akasema, akainuka kwenda kutazama kuku.

Tangu hapo nyumba ya mama ikawa na ugonjwa mmoja. Hakuna anayeruhusiwa kwenda upesi. Mjukuu akikimbilia mpira, "Polepole! Haraka ilishaniulia mmoja." Mimi nikiosha vyombo upesi niwahi gari, "Polepole. Haraka ilishaniulia mmoja." Kila alipolisema nilihisi kama anamzika tena, na safari hii anamzika na kosa lake mkononi. Jina lake mama hakulitaja tena. Alikuwa "yule wa haraka". Nilikuwa nikirudi kwangu Mtopanga nikizunguka chumba, mlangoni, dirishani, mlangoni. Sikutaka fidia, hiyo waliila wenyewe walioijua njia ya kuila. Nilitaka mama asife akiamini kwamba mwanawe alijiua kwa pupa. Na mama ameshazeeka, macho yameingia ukungu. Nilijua kwa kinywa changu mimi hataamini. Kinywa changu kwake ni uchungu tu.

Sasa nasafisha nyumba za wageni upande wa Bamburi, zile anazolala mtu siku chache akaondoka. Wageni wanasema Kiingereza, na mwenye nyumba aliniambia nijifunze kidogo, nisiwe nawajibu kwa kichwa kama mjusi. Kanisani kwetu kuna darasa la watu wazima, Jumapili baada ya ibada. Mwalimu ni kijana, hata ndevu hazijashikana, anatuamkia shikamoo sote kabla ya kutusahihisha. Mimi benchi langu ni la mlangoni.

Jumapili hiyo aliandika ubaoni neno backfire. Akatufundisha kulitamka, tukaimba kama watoto, bakfaya, bakfaya. Akaeleza: unafanya jambo ukitaka kupata kitu fulani, kumbe linakugeuka, linakuletea kinyume chake, na linakuumiza wewe uliyelianzisha. Akasema kinachobakfaya ni mpango au ujanja, mtu habakfayi. Akataka kila mmoja atoe mfano wa maishani mwake, kwanza kwa Kiswahili, halafu tutausukuma pamoja kwa Kiingereza.

Mama mmoja wa bara, anauza mitumba karibu na stendi, ndiye alianza. Huyo ukimwachia nafasi haachi.

"Mimi niliambia chama naumwa, ndio nisiende kwa harambee. Si wakakuja wote kuniona! Na uji, na matunda, na mchungaji. Wakanipata nimefungulia redio, nasonga ugali, nimepaka rangi kucha. Aki nilijilaza kwa kiti haraka haraka, mwiko bado iko mkononi."

Darasa likaanguka kwa kicheko. Askari mmoja wa usiku akasema yeye alitia kufuli kwenye mfereji wa ploti ili majirani wasichote, akapoteza ufunguo siku hiyohiyo, akashinda na sabuni kichwani. Mwalimu akacheka mpaka akaketi.

Kisha akainua mkono mzee wetu wa vigae. Wote tulikuwa tukimpenda. Ana duka la vigae na masinki huku huku Kisauni, tumbo mbele, kicheko mbele zaidi, na kila Jumapili ndiye anayetununulia soda. Alikuwa akijifunza Kiingereza apate kuagiza mali mwenyewe bila dalali.

"Wangu utawapita wote," akasema. "Kabla ya vigae nilikuwa na yadi ya vyuma kuukuu kule Changamwe. Kiwandani wanalipa kwa uzito. Sasa bomba lina nini? Hewa tupu! Basi vijana wangu walikuwa wanajaza mchanga, tunazipiga ncha nyundo, tunaziba. Mchanga wa baharini, ule mbichi, maana mbichi ni mzito zaidi. Karani wa mizani ni mtu wetu, anatazama pembeni." Akacheka, na watu wakacheka naye. "Ikawa raha. Mpaka siku hiyo, tulikuwa tumepata bomba kubwa la kisima, tulilitoa Likoni, la kijani. Nikasema hili tulishibishe vizuri. Tukalishibisha. Likaenda. Kumbe wale siku hiyo hawakukagua, wakalitupa hivyo hivyo kwenye tanuri. Buuu! Kiwanda kikafunga mlango kwangu. Mzigo wangu hautakiwi tena, si kwao, si kwa jirani zao. Yadi ikafa. Nikaanza upya na vigae vya mkopo. Sasa mwalimu, hiyo si bakfaya hiyo?"

"Hiyo ndiyo yenyewe, mzee," mwalimu akasema, anageukia ubao na chaki. "Haya, tuseme wote."

Wakasema wote, kwa Kiingereza, kwamba mpango wa mzee ulimgeuka mzee.

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Sijui nilisimama saa ngapi. Nilisikia kila neno kwa hili sikio moja, nililigeuza lote kwake. Nikamwuliza, "Bomba lilikuwa rangi gani?"

"La kijani, dada. Kwa nini?"

"Na mchanga ulikuwa na vipande vya kombe?"

Akacheka kidogo. "Mchanga wa bahari utakosa kombe?"

Nikapita katikati ya mabenchi mpaka mbele yake. Nikakunja mkono wa gauni mpaka begani. Mkono wangu wa kushoto siuonyeshi watu, hata joto la Machi naufunika. "Utazame," nikamwambia. "Mwalimu anasema linamwumiza aliyelianzisha. Wewe lilikuumizia yadi. Huu mkono ulianzisha nini?"

Yeye akautazama mkono, akatazama pembeni, kama karani wake.

"Dada," akasema, "mimi niliambiwa hakuna aliyeumia."

"Uliambiwa na nani?"

"Na nyapara wa kule. Alisema tanuri tu limepata ufa."

"Ndugu yangu amezikwa Utange."

Mpaka leo sijui kama alikuwa hajui. Hilo nalo linaniamsha. Uso wake uliingia kijivu, hilo niliona, lakini uso wa mtu unaweza kuingia kijivu kwa kushtuka, na unaweza kuingia kijivu kwa kufumaniwa. Akasema kila yadi ilifanya. Akasema kama wangekagua lisingefika. Akasema pole, akaisema mara nyingi, kila moja nyepesi kuliko ya kabla yake. Kisha akachukua kofia yake akatoka, na soda zake zikabaki kwenye kreti. Mwalimu alikuwa bado ameshika chaki. Akasema, "Mama, samahani, sikujua neno lingetufikisha hapa," kama kwamba kosa ni lake.

Kesho yake nilimfuata dukani. Nilimkuta akipangia mteja vigae vya bafu. Nilingoja mteja atoke. Sikupiga kelele. Nilimwambia sitaki polisi, sitaki hata sinki moja. Nataka kitu kimoja. Aje Utange, akae mbele ya mama yangu, aseme maneno yaleyale aliyoyasema darasani, pamoja na kicheko chake akitaka. Bomba, mchanga, bila kukaguliwa. Amwambie kwamba mwanawe hakuwa na haraka.

"Bibi mzee atanilaani," akasema.

"Mama yangu hajui kulaani. Anajua kupika."

Akachukua kitambaa akafuta kigae ambacho hakikuwa na vumbi. Mwishowe akasema, "Jumamosi. Jumamosi nitakuja, wallahi."

Sikuweza kungoja nikiwa nimekaa. Wiki nzima nilisugua nyumba za watu mpaka mwenye nyumba akaniuliza kuna mgeni gani maalumu. Nilimpigia simu mama nikamwambia Jumamosi anakuja mtu, ana maneno juu ya mwanao, na si maneno yangu, ni yake. Mama akauliza, "Mtu mzima?" Nikasema mtu mzima, ana duka. Akasema, "Basi nitachinja."

Peke yangu sikuweza kwenda. Yule mama wa bara alijialika. "Mimi nakuja," akasema. "Huyo mzee akianza kuzungusha maneno, mimi namkumbusha. Nilikuwa hapo. Na pia nasikia kuna kuku."

Mama alikuwa amevaa gauni la kanisani, kichwani leso mpya. Amepika wali wa nazi na kuku wa kwake, yule jogoo mwekundu aliyekuwa akijivunia. Mkeka umetandikwa kivulini, na kiti chenye mgongo, kimoja tu nyumbani, kimewekwa cha mgeni. Tukangoja. Kila pikipiki iliyopita barabarani nilitoka kuitazama. Mama alisema kaa, nikakaa, nikainuka. Nikampigia mtu wa vigae, simu ikaita. Nikapiga tena, ikaita. Nikapiga tena, ikawa imezimwa.

Wali ulipoa. Mama akaufunika, akafunua, akafunika. Halafu akasema, bila ukali, na hiyo ndiyo iliyoniuma, "Mwanangu. Hakuna mtu."

"Yuko, mama. Ameapa."

"Uchungu wako umenichinjia jogoo," akasema. "Ungeniacha tu. Nilikuwa nimeshazoea."

Hapo nilihisi nimeharibu kila kitu. Kabla ya siku hiyo mama alikuwa hanisadiki kidogo. Sasa alikuwa hanisadiki kabisa, na ushahidi wake ulikuwa kiti kitupu nilichomwandalia mimi mwenyewe. Mama wa bara akaninong'oneza kwenye sikio bovu, sikusikia, akahamia la pili: "Hii sasa ndio ile neno ya mwalimu." Ningempiga. Haki ya Mungu, ningempiga kibao.

Lakini yeye alikuwa ameshageukia sufuria. "Mama," akamwambia mama yangu, "naomba kuhudumia, kuku isilale." Akajipakulia, akampakulia mama, akampa paja. Kisha akakaa. Akakaa kwenye kile kiti chenye mgongo, cha mgeni, mwili wote, na sahani mapajani.

"Mimi huyu mtoto wako simjui sana," akasema. "Tunasoma na yeye tu. Nikikudanganya sipati kitu. Sasa nikuambie vile huyo mwanaume alisema, kwa sababu nilikuwa karibu na yeye kama hivi na hivi."

Akaanza. Alimwigiza mtu wa vigae mpaka tumbo lake akalitoa mbele. Alicheka kicheko chake. Alipiga ncha za bomba nyundo kwa mfupa wa kuku juu ya sahani. Karani wa mizani alivyotazama pembeni, akatazama pembeni. "Akasema, hili la kijani tushibishe. Akasema, hao watu hiyo siku hawakukagua. Hivyo ndio alisema, mama, na akacheka, na sisi wajinga tukacheka, hatukujua ni maneno ya maiti. Halafu huyu akasimama, akaonyesha mkono, na huyo mwanaume akakuwa rangi ya jivu. Kijana wako hakutupa vibaya. Alipewa bomu, akaambiwa ni bomba."

Mama alikuwa ameacha kula. Alimtazama yule mwanamke kwa yale macho ya ukungu, akainamisha kichwa kama anayesikiliza redio yenye mawimbi mabaya. Akamwuliza swali moja.

"Alisema mwanangu alikuwa na haraka?"

"Nani? Huyo? Hata hakujua kama kulikuwa na mtu."

Jirani alikuwa akitwanga kitu nyuma ya ua, tukawa tunausikia mchi tu.

"Mimi ndiye niliyemfundisha haraka," mama akasema. Hakutuangalia. "Tangu yuko mdogo hivi. Harakisha, harakisha. Yule bwana alipokuja kusema ni haraka iliyomuua, nikajua ni mimi. Nikajua alisikia sauti yangu kule juu, akakimbia."

Miaka yote ile nilidhani anamlaumu yeye. Niliinuka nikaenda nyuma ya nyumba. Nikazunguka banda la kuku, nikalizunguka tena. Niliporudi walikuwa wanakula, mama wa bara amemaliza shingo anaomba tui lililobaki, na mama anamwambia Kiswahili chake kimevunjika lakini maneno yamesimama. Wakacheka. Mama akamwuliza kama bara kuna majogoo wakubwa namna hii. Akamwambia kwamba mwanawe, akamtaja jina, alikuwa akipenda kipapatiko, na akila kipapatiko kimoja alikuwa anatumia muda wa mtu kumaliza kuku mzima. Nililisikia jina. Nilikuwa sijalisikia kinywani mwake tangu kabla ya mazishi.

Sitasema mambo yamekwisha. Mwenye bomba bado anauza vigae, darasani harudi, nikipita dukani kwake anaingia stoo. Nyapara nasikia amestaafu, amejenga. Karani simjui aliko, na angekuwa karibu ningemfuata pia. Mkono wangu bado unavuta. Nimeandika haya nimesimama, karatasi juu ya friji ya mwenye nyumba, maana kukaa siwezi.

Ila jioni ile jua lilikuwa limeshuka, tukawa tumechelewa kuaga. Gari la kurudi lilikuwa linapiga honi barabarani, linageuza. Nikanyakua mkoba, nikavaa kiatu kimoja, cha pili mkononi, mama wa bara mbele yangu anapiga kelele "Simama! Ngoja!", na mama akasimama mlangoni na leso yake mpya. Nikamsikia akivuta pumzi. Nikalijua neno linalokuja, nikajikaza kulipokea.

"Pole..." akaanza, na akaliacha hapo.

Nikageuka, sikio zuri kwake.

"Kimbia," mama akasema. "Kimbia, we, litawaacha."

Nikakimbia.